Ganzi ya vidole kwa bodaboda: anzia kwenye klachi, si kwenye dawa ya kuchua

Malalamiko ya ganzi na maumivu ya mikono yameongezeka kwenye dawati letu la tathmini ya magonjwa yatokanayo na kazi, na wanaoleta wengi wao ni vijana wa bodaboda na wapeleka mizigo wa hapa Dar es Salaam. Wanafika wakiwa wameshachuliwa, wameshapakwa, wameshameza, na karibu wote wameshaambiwa na mtu wa kijiweni kwamba ni upepo. Upepo wa Barabara ya Bagamoyo hauingii kwenye mishipa ya fahamu. Naomba hilo tulimalize hapa.

Mshipa wa fahamu unaohudumia dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete hupita kwenye njia nyembamba ndani ya kifundo cha mkono, ukibanana humo na kano tisa za kukunja vidole. Ukikunja kifundo huku umekaza vidole kwa saa nyingi, mshipa unaminywa kama waya wa klachi ulioingiwa na mchanga ndani ya ala yake. Dalili yake tunaijua vizuri: unaamka usiku vidole vinawaka moto, unakung'uta mkono, unapata nafuu, unalala tena. Kidole kidogo na nusu iliyobaki ya cha pete vina mshipa wao mwingine, unaopita upande wa pili wa kiganja, pale pale unapoegemea usukani. Kwa hiyo ukifika kwa daktari taja vidole. "Mkono wote unauma" haitusaidii, na mara nyingi si kweli.

Sasa pikipiki yenyewe. Kaa juu yake ikiwa imesimama, nyoosha vidole juu ya mkono wa klachi na wa breki kama unavyofanya ukiwa kwenye foleni, halafu mwambie mwenzako akutazame kwa pembeni. Mgongo wa kiganja na mkono kuanzia kiwikoni vinatakiwa viwe mstari mmoja. Pikipiki nyingi nilizokagua vijiweni zina mikono ya klachi na breki iliyoinuliwa mno, kiasi kwamba dereva anakunja kifundo kwenda juu kila anapotaka kushika breki. Kurekebisha ni kulegeza bolti za kishikio, mara nyingi spana namba 10 inatosha, unazungusha kuelekea chini hadi kifundo kinyooke, unakaza. Fundi akikutoza hela ya maana kwa kazi hiyo, tafuta fundi mwingine.

Waya wa klachi unaokwaruza ndani ndio adui mkubwa kuliko barabara mbovu. Dereva anayetoka Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo asubuhi anaminya klachi kila baada ya mita chache, na kila minyo inayohitaji nguvu ya ziada inalipwa na kano zake. Toa waya, utie mafuta, na ukiona nyuzi zimeanza kukatika badilisha. Waya mpya ni nafuu kuliko siku moja ya kukosa kazi. Uhuru wa klachi kabla haijaanza kuvuta ufuate kitabu cha pikipiki yako. Wapo wanaoikaza kabisa "ili ishike fasta", na hao huua klachi na mkono kwa pamoja.

Kwenye foleni ndefu ya Ubungo au Tazara weka fri, achia klachi, shusha mkono pajani. Mtu aliyesimama na gia ya kwanza huku kashikilia klachi dakika nzima hawahi kokote.

Mtetemo nao una sehemu yake. Bolti za kushikilia injini zikilegea, cheni ikining'inia, bering za usukani zikichoka au shokomzoba za mbele zikivuja mafuta, yote hufika kiganjani. Nchi za Umoja wa Ulaya zinamtaka mwajiri achukue hatua mtetemo wa mikono ukifika mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya kazi ya saa 8, na zimeweka kikomo cha 5. Hiyo si sheria yetu. Naitaja ili ieleweke kwamba mtetemo ni jambo linalopimwa, si kulalamika kwa mtu mvivu. Kuna wanaozungushia mipira ya mishikio sponji na raba za tairi wakidhani wanajikinga. Mshikio ukinenepa, vidole vinalazimika kukaza zaidi ili visiteleze. Glovu za kubana nazo ni vivyo hivyo.

Shika usukani kwa nguvu inayotosha tu. Viwiko vilegee, magoti yaguse tangi, uzito ukae kwenye kiti. Ukibeba mshikaki abiria wanakusukuma mbele na uzito wote unaishia viganjani. Kwamba mshikaki pia ni kosa barabarani, hilo mnalijua, sitalirudia.

Diklofenaki ya kila siku kutoka duka la dawa si kinga. Inaumiza tumbo na figo, na inakuficha maumivu huku mshipa ukiendelea kubanwa. Ganzi ikidumu wiki kadhaa, au ukianza kuangusha vitu, au nyama ya chini ya dole gumba ikionekana imesinyaa, nenda hospitali: Amana, Temeke au Mwananyamala, utapewa rufaa ikihitajika. Mwenye kisukari asisubiri hata hizo wiki. Na ukianguka ukajikinga kwa kiganja, kisha ukabaki na maumivu kwenye kishimo cha chini ya dole gumba, rudi upigwe picha tena baada ya siku 10 hadi 14 hata kama ya kwanza ilikuwa safi. Mfupa mdogo wa pale ukivunjika mara nyingi hauonekani mapema, na usipotibiwa unaweza usiunge.

Kuhusu fidia, maswali ni mengi na majibu ya vijiweni ni mabaya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusu wafanyakazi wenye mwajiri, na mchango, ambao ni asilimia 0.5 ya mshahara, hulipwa na mwajiri, haukatwi kwako. Kama umeajiriwa kupeleka mizigo au chakula, mpe mwajiri taarifa mapema iwezekanavyo, kwa mdomo au kwa maandishi. Mimi nashauri maandishi, na ubaki na nakala yenye tarehe na saini ya aliyepokea. Mwajiri akishapata taarifa ana siku 7 za kuifikisha kwenye Mfuko. Tukio lisipofikishwa kwenye Mfuko ndani ya miezi 12, haki inaweza kupotea, na hapo kunililia mimi hakusaidii. Ambatanisha mkataba wa ajira, karatasi za hospitali tangu siku ya kwanza, na maelezo ya saa unazoendesha kwa siku. Karatasi ya hospitali isiyotaja kazi yako hurudishwa, kwa hiyo mwambie daktari unafanya nini kabla hajaandika. Mwajiri asiyejisajili au anayeficha taarifa anavunja sheria na anaweza kufikishwa mahakamani.

Aliye kwenye mkataba wa pikipiki, anayempelekea tajiri hesabu, mara nyingi hahesabiki kuwa mfanyakazi wake. Sisemi haiwezekani kabisa, maana kila faili huangaliwa kwa mazingira yake, ila usije ukiwa umeshaahidiwa milioni na mtu wa mtandaoni. Kufungua dai hakulipiwi chochote. Anayekuomba hela ya "kusukuma faili" ni kishoka, na faili lako halijui.