Kuku Chotara wa Mayai: Yanayosemwa Uani na Yaliyo Kweli Bandani

Kuku wakubwa wenye manyoya ya rangi mchanganyiko, ambao sokoni huitwa kuroila, Sasso, au kwa jina la jumla chotara, wamekuwa jambo la kawaida katika mabanda ya uani Tanzania, Kenya na Uganda. Kuroila alizalishwa India na kampuni ya Kegg Farms mwanzoni mwa miaka ya 1990. Asili ya Sasso ni Ufaransa. Na katika muongo wa 2010 aina zote mbili zilijaribiwa kwa wafugaji wadogo wa Tanzania katika mradi ulioongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI. Kenya nao wana kuku wa kienyeji walioboreshwa wanaotoka kituo cha Naivasha cha KALRO, taasisi ya Kenya ya utafiti wa kilimo na mifugo. Kuku wameenea, na maneno juu yao yameenea zaidi. Mengi ya maneno hayo, ukiyachunguza, yamezaliwa na kosa moja: kudhani kwamba ubora wote umo katika mbegu, na kwamba kazi ya mfugaji inakwisha siku anapolipia vifaranga.

"Chotara ni nusu kienyeji, kwa hiyo atajitafutia"

Neno chotara lenyewe limechangia kupotosha. Msikilizaji hupata picha ya jogoo wa kisasa aliyepandishwa kwa tembe wa hapa kwetu, kisha huhitimisha kwamba mtoto amerithi utagaji wa upande mmoja na uwezo wa kuishi kwa makombo wa upande wa pili. Sasso hana damu ya kuku wa Singida wala wa Tabora. Ni zao la koo zilizochaguliwa na kupandishwa kwa mpangilio, kizazi baada ya kizazi, huko Ufaransa. Anachofanana na kuku wa kienyeji ni rangi, mwendo na ile tabia ya kuchakura. Na kweli anachakura kwa bidii, lakini anachokipata hakimtoshi.

Tupige hesabu. Kuku wa kienyeji mwenye kilo 1.5 hivi, anayetaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, anaweza kuishi kwa wadudu, majani na mabaki ya jikoni kwa sababu mwili wake haudai mengi. Tembe chotara hufikia kilo 2.5 au zaidi, na akitunzwa vizuri hutaga mayai 150 hadi 200 kwa mwaka. Ganda la kila yai limebeba takriban gramu 2 za kalsiamu. Kama haimo katika chakula, kuku huichota kwenye mifupa yake mwenyewe, na baada ya muda mfugaji huanza kuokota mayai yenye ganda laini kama ngozi, kisha humwona kuku aliyekuwa mzima akishindwa kusimama. Kuku wa namna hii anahitaji gramu 110 hadi 130 za chakula kamili kwa siku, chenye protini ya asilimia 16 hadi 17 na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Ukiwa na kuku 20 na kumpa kila mmoja gramu 120, unatumia kilo 2.4 kwa siku, yaani mfuko wa kilo 50 hautimizi wiki tatu. Kuchakura na majani mabichi hupunguza gharama hiyo, ila hakuiondoi.

Wapo watakaojibu kwamba wao wanalisha vizuri tu, lakini ukiuliza wanalisha nini unaambiwa pumba za mahindi. Pumba hushibisha, na kuku aliyeshiba pumba huonekana ametosheka, ila protini yake ni haba. Bila mashudu ya alizeti au soya, dagaa, chokaa, mifupa iliyosagwa na chumvi kidogo, kuku hujaza mafuta tumboni na kiota hubaki kitupu. Lipo pia kosa la upande wa pili, la kuwapa vifaranga chakula cha kuku wanaotaga kwa kuwa ndicho kilichobaki stoo. Kalsiamu ile nyingi huumiza figo za kuku ambaye bado hajaanza kutaga. Chakula hicho kitolewe karibu na yai la kwanza, ambalo kwa chotara aliyelelewa vizuri huonekana akiwa na miezi 5 hadi 6.

"Nikinunua mara moja, nitaendelea kutotolesha mwenyewe"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu pesa nyingi kuliko zote, na mimi niliilipia. Mwaka wa kwanza niliridhika mno na kuku wangu hata nikamwekea tembe wa kienyeji wa jirani mayai 11 ya chotara ayaatamie. Siku ya 21 walitoka vifaranga tisa, na kwa wiki kadhaa nilijiona mjanja. Walipofika miezi minne hawakuwa kundi tena. Wawili walikuwa wakubwa kama mama yao chotara, mmoja alibaki mdogo mwenye miguu mirefu, jogoo wawili walitofautiana uzito kana kwamba hawakulelewa banda moja, na baadaye, kati ya matetea waliobaki, mmoja alianza kuatamia baada ya kutaga mayai 14 tu.

Hapakuwa na ugonjwa wala bahati mbaya. Nguvu ya chotara hutokana na kukutanisha koo mbili au zaidi zilizotunzwa mbalimbali, na nguvu hiyo huonekana kwa ukamilifu katika kizazi cha kwanza. Chotara anapozaa na chotara mwenzake, sifa zile hugawanyika upya kwa kila kifaranga: huyu hupata utagaji, yule hupata umbo, mwingine hukosa vyote viwili. Ndiyo maana kampuni za mbegu hubaki na kuku wazazi na kuuza kizazi cha mwisho pekee. Hakuna dhambi kutotolesha mayai hayo kwa ajili ya kitoweo. Asiyepaswa kudanganywa ni mnunuzi anayeuziwa vifaranga hao kwa bei na jina la kizazi cha kwanza, na biashara hiyo ipo. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mayai aliyototolesha yametoka kwa kuku wazazi wa wapi. Anayetafuta maneno ya kujibu umwache.

"Chotara hawaugui, na wakiugua mwarobaini unatosha"

Muuzaji mmoja aliwahi kuniuzia vifaranga wa wiki tatu kwa kunihakikishia kwamba wamemaliza chanjo zote. Leo naelewa kwamba kauli hiyo haiwezi kuwa kweli kwa kuku yeyote, kwa sababu chanjo ya mdondo, ambao wengi huuita kideri, haimalizwi. Hurudiwa maisha yote ya kuku. Mdondo husababishwa na virusi, hauna tiba, na ukiingia katika kundi lisilochanjwa unaweza kuua karibu kuku wote kwa siku chache, awe kienyeji, chotara au kuku wa kisasa. Dawa za antibiotiki haziui virusi. Maji ya mwarobaini, shubiri au pilipili hayajazuia mdondo, na anayeapa kwamba yamezuia kwake mara nyingi ni mtu ambaye ugonjwa haujabisha hodi kwake.

Utaratibu wa kawaida ni kuanza na chanjo ya mahepe (ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu na mabawa) kifaranga akiwa na siku moja, ambayo hutolewa na mtotoleshaji mwenyewe, kisha mdondo mwisho wa wiki ya kwanza, gamboro (ugonjwa wa virusi unaodhoofisha kinga ya kifaranga) katika wiki ya pili, marudio ya zote mbili katika wiki ya tatu na ya nne, na ndui kati ya wiki ya sita na ya nane. Baada ya hapo mdondo hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Kwa mfugaji wa uani mwenye kuku wachache, chanjo ya mdondo iitwayo I-2, ya kudondoshea jichoni, ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa huvumilia joto kuliko chanjo nyingine na huzalishwa hapa Tanzania, ingawa kuvumilia joto hakumaanishi kuiacha juu ya dirisha linalopigwa na jua.

Namna ya kuitoa inahitaji utulivu kuliko ujuzi. Mtu mmoja humshika kuku ubavuni kwake, kichwa kimelazwa upande ili jicho moja litazame juu. Mwingine huinamisha kichupa wima na kuangusha tone moja tu. Kisha, na hapa ndipo haraka huharibu, husubiri hadi kuku apepese jicho na tone lizame. Ukimwachia mapema hutikisa kichwa, tone likaenda kwenye shati lako. Kinga hujengeka kwa muda wa wiki mbili hivi, kwa hiyo kumchanja kuku aliyekwisha kuinamisha kichwa na kuhara kijani ni kuchelewa.

Kuna lingine linalosemwa kwa sauti ndogo: kwamba mayai ya kuku waliopewa dawa hayana neno, yauzwe tu. Kila dawa ya antibiotiki ina kipindi cha kusubiri kilichoandikwa kwenye karatasi yake, na mayai yanayotagwa ndani ya kipindi hicho hayaliwi wala hayauzwi. Kumpelekea jirani trei ya mayai hayo ni kumlisha dawa asiyoijua.

Madogo yanayorudiwa kila siku

Tembe hahitaji jogoo ili atage. Jogoo anahitajika pale tu unapotaka vifaranga, na yai lisilo na mbegu huhifadhika vizuri zaidi kwenye joto kwa kuwa hakuna kiinitete kinachoweza kuanza kukua ndani yake. Tembe chotara asiyeatamia naye hana kasoro yoyote; tabia hiyo imepunguzwa kwa makusudi katika uchaguzi wa koo zake, kwa sababu kuku anayeatamia hatagi. Na hakuna kuku wa kutaga mawili kila siku, maana yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, sehemu kubwa ya muda huo ikienda kwenye ganda peke yake. Kuhusu maganda ya mayai ya jikoni, yakikaushwa na kusagwa hadi yasitambulike, mrudishie kuku bila hofu. Anayejifunza kula mayai ni yule anayeliona ganda likiwa bado na sura ya yai.

"Kiini cha njano na ganda la kahawia ni dalili ya yai bora"

Rangi ya ganda imo katika ukoo wa kuku na haibadilishwi na chakula. Kuku wa kisasa kama ISA Brown hutaga mayai ya kahawia, wapo kuku wa kisasa wa mayai meupe, na kuku wa kienyeji hutaga rangi zote hizo. Huwezi kulijua banda kwa kutazama ganda. Kiini ni habari nyingine. Unjano wake hutokana na rangi asilia zilizomo katika majani mabichi na mahindi ya njano, na kuku anayekula mahindi meupe bila majani atatoa kiini kilichopauka hata kama alizaliwa kijijini na bibi yako anamjua kwa jina. Mfungie chotara mafungu mawili ya mchicha au sukuma wiki bandani, na kabla wiki mbili hazijapita wateja watakuuliza umeanza lini kufuga kienyeji. Protini ya yai haitofautiani kwa sababu ya rangi hiyo, jambo ambalo wauza chipsi hawapendi kulisikia.

"Wanachomwa sindano ili watage"

Hakuna sindano ya homoni katika ufugaji huu, wala mfugaji mwenye kuku 20 asingeimudu. Kinachouzwa madukani kwa jina la dawa ya kuongeza mayai kwa kawaida ni vitamini na madini, ambayo humsaidia kuku aliyepungukiwa na hayamwongezei kitu aliyeshiba vizuri. Kichocheo halisi ni mwanga. Kuku anayetaga hufaidika na saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku, ilhali huku karibu na ikweta jua hutupa saa 12 hivi mwaka mzima. Ndiyo maana taa ndogo inayowashwa saa kumi alfajiri na tena jioni kidogo huongeza mayai bila muujiza wowote. Matetea ambao hawajakomaa wasiwashiwe. Wakiharakishwa kutaga kabla nyonga hazijapanuka, njia ya mayai inaweza kutoka nje, na wenzao wakiiona wataidonoa hadi afe.

"Kuku 20, mayai 20"

Hesabu hii huandikwa kwenye karatasi na watu wenye akili timamu kabisa, wakati mwingine kwa ajili ya kuombea mkopo. Chotara anayetaga mayai 150 hadi 200 kwa mwaka hutaga siku nne hadi tano na nusu katika kila kumi. Kuku 20 wa namna hiyo watakupa mayai 8 hadi 11 kwa siku, kwa wastani, na wastani huo una mashimo: kuna majuma ya kunyonyoka manyoya, kuna minyoo, kuna tembe aliyehamishia kiota nyuma ya tangi, na mwaka wa pili hupungua kuliko wa kwanza. Anayetaka mayai 280 au 300 kwa kila kuku anunue kuku wa mayai wa kisasa na akubali masharti yao, ambayo ni makali zaidi. Daftari langu linaloning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa banda lina tarakimu za kiasi hicho hicho: 9, 11, 8, 10, kisha 5, siku ya pili baada ya maji kukatika mtaani na ndoo ya kuku kushinda tupu tangu asubuhi hadi niliporudi kazini.