Liacheni kava la cheni mahali pake

Jana tena. Mzee mmoja kaniletea baiskeli ya Kihindi, fremu ya chuma, kava zima la bati kuanzia krenki, pale penye pedali, mpaka friwili, yaani gia ya meno ya gurudumu la nyuma. "Fundi, litoe hili. Linapiga kelele, halafu linanizuia kutia oili." Makava niliyoyatoa kwa maneno hayohayo ni mengi, na najuta kila moja.

Watu wanaamini cheni inauawa na ukavu tu. Basi wanaimwagia oili, tena ile chafu iliyotolewa kwenye gari, na mwenye bidii anarudia kila wiki. Ishike cheni ya namna hiyo kwa kidole gumba na cha shahada, isugue: unasikia mchanga. Oili na vumbi la Tabora vikichanganyika ni msasa. Unapenya kwenye pini na kuzila taratibu. Ndiyo maana cheni "inarefuka". Bati zake hazijavutika, ni pini na matundu yaliyolika. Pima: kwenye cheni mpya, pini hadi pini, pingili 24 ni inchi 12 kamili. Ikizidi 1/16 ya inchi, badilisha. Ikifika 1/8, na friwili imeshaliwa, ukifunga cheni mpya peke yake itaruka meno.

Kava linazuia vumbi, kwa hiyo oili kidogo inadumu. Waliotengeneza Sunbeam kule Wolverhampton, Uingereza, walikwenda mbali zaidi: cheni yao ilizunguka ndani ya kasha lenye oili. Kwa baiskeli ya gia za kurusha cheni sahau kava zima, cheni inahitaji nafasi ya kuhama.

Sasa hiyo kelele. Bati limekaa tu, haligongi kitu. Inayogonga ni cheni iliyolegea! Legeza nati mbili za gurudumu la nyuma, livute, acha cheni icheze kama sentimita moja katikati, angalia gurudumu lisilale upande, kaza. Ikibaki kukwaruza, zungusha pedali polepole usikilize. Sauti ikija mara moja kila mzunguko wa pedali, sproketi ya mbele, ile duara ya meno penye pedali, imepinda. Isipokatika, bati limebonyea mahali, lisukume kwa mkono. Na oili? Toa kipande cha nyuma cha kava, tone moja kila rola, kile kijiduara kinachozunguka juu ya pini, zungusha, futa.

Kinachonisumbua ni masika. Maji yakishaingia ndani hayana haraka ya kutoka, na nimewahi kufungua kava nikakuta cheni nyekundu kwa kutu. Nikajaribu kutoboa tundu chini. Baiskeli moja ilipona, nyingine ikajaa tope kupitia tundu lilelile. Siku hizi sitoboi, nafungua kipande cha nyuma mvua zikianza na zikiisha, lakini bado sijaridhika.

Yule mzee nilimvutia gurudumu tu. Akazunguka uwanjani mara mbili, akasimama, akainama kusikiliza.

"Umelitoa?"

Lilikuwa palepale, mbele ya macho yake.