Je, wajua kwa nini maji matamu ya mto huacha chumvi shambani?

Katika tambarare iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro, kuelekea Kahe na Kileo, yapo mashamba ya umwagiliaji ambayo wakati wa kiangazi hufunikwa na ukoko mweupe, na mahindi yake huungua ncha za majani ilhali udongo ungali na unyevu. Wengi huilaumu mbolea ya viwandani. Ni kweli kwamba mbolea ikizidishwa huongeza chumvi, lakini ukoko huo hutokea hata katika mashamba ambayo hayajawahi kutiwa mbolea hiyo. Wengine hudhani kwamba chumvi ni jambo la pwani tu, ingawa bahari iko mbali na Kahe. Chanzo kikubwa ni maji yenyewe, yale yale tunayoyaita matamu.

Ulimi hautambui chumvi kidogo. Maji yenye nusu gramu ya chumvi kwa lita hunyweka bila shida, lakini hekta moja ya mahindi inayopewa milimita 600 za maji kwa msimu hupokea lita milioni 6, na pamoja nazo tani 3 za chumvi. Hapo shamba hufanana na birika la chai. Maji yakichemka, mvuke hutoka peke yake na kilichoyeyuka ndani hubaki. Siku ya kwanza huoni kitu, lakini baada ya miezi kadhaa ukuta wa ndani huwa na gaga gumu. Shambani, jua na majani huondoa maji na kuiacha chumvi, kisha msimu unaofuata huongeza nyingine juu yake. Mmea hunyauka kwa sababu chumvi huyashika maji kwa nguvu kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta.

Ipo pia njia ya kutokea chini. Mifereji isiyosakafiwa huvujisha maji, na maji ya ardhini yakipanda hadi mita 2 hivi kutoka juu, udongo huyafyonza na kuyapandisha, nayo hukauka juu na kuacha chumvi yake.

Mwaka 1958 watafiti wa historia ya kale Thorkild Jacobsen na Robert Adams walieleza kwamba wakulima wa kale wa kusini mwa Iraki waliacha ngano na kushika shayiri, inayostahimili chumvi zaidi, kwa sababu ya hali hiyo. Hoja hiyo inavutia sana, ila ushahidi wake ni maandishi ya kale yanayosomeka kwa namna zaidi ya moja, na mwaka 1985 mtafiti mwingine, Marvin Powell, aliupinga usomaji wao.

Kuongeza maji ili kuosha chumvi husaidia pale tu palipo na mitaro ya kuyatoa. Pasipo na mitaro, maji hayo hupandisha yale ya ardhini na kuzidisha tatizo. Kwa hiyo skimu inayojenga mfereji wa kuingiza maji na kuahirisha mtaro wa kuyatoa inajiwekea deni. Penye magadi, yaani chumvi za sodiamu, udongo hugandamana na maji hutuama, hivyo huhitajika kwanza jasi, madini yenye kalsiamu, kama ile inayochimbwa Makanya, wilayani Same, ndipo uoshwe. Mbegu za mpunga zinazovumilia chumvi, kama SATO 1 na SATO 6, humpa mkulima mavuno wakati kazi hiyo ikiendelea, lakini haziiondoi chumvi iliyokwisha kulundikana.