Sekunde 4.3 Hazidaki Mpira: Wanayoyakosea Mashabiki Kabla ya Drafti ya NFL

Kila Kombaini ya Indianapolis inapomalizika, yaani majaribio ya wachezaji wa vyuo kabla ya drafti ambamo timu za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, huchagua vijana kwa zamu, simu yangu hujaa ujumbe. Wazazi wa vijana ninaowafundisha mbio hapa Columbus, Ohio, Wakenya, Wakongo na Watanzania wenzangu, huniandikia jina moja: la yule aliyekimbia yadi 40 kwa kasi kuliko wote. "Kocha, huyu Bengals wakimwacha watajuta." Mashabiki wa Browns nao vivyo hivyo; Bengals wa Cincinnati na Browns wa Cleveland ndizo timu zetu za Ohio. Jina hubadilika kila mwaka, kosa ni lilelile, na kulijibu kwa mmoja mmoja kumenichosha.

"Amekimbia 4.3, achukuliwe tu, hakuna cha kuuliza"

Kuna mengi ya kuuliza, tena tuanze na saa yenyewe. Yadi 40 ni kama mita 36 na nusu. Kombaini hakuna bastola ya kuanzia: kijana huondoka anapotaka, na saa huanza anapojitikisa. Mkimbiaji wa Olimpiki husubiri mlio kwanza, na kuusikia tu kunamla muda. Kwa hiyo anayeniambia fulani "angemwacha Bolt" analinganisha vitu viwili visivyopimwa kwa namna moja. Na kwenye siku za majaribio vyuoni, ambako maskauti, wasaka vipaji wa timu, hubonyeza saa kwa mkono, muda mara nyingi hupungua kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Ukiambiwa mtu amekimbia 4.35 chuoni kwao, uliza nani alishika saa.

Lakini hata saa ikiwa sahihi kabisa, bado haikuambii unachotaka kujua. Chukua drafti ya 2017. John Ross, mpokeaji (mdakaji wa mpira) wa Chuo Kikuu cha Washington, alikimbia 4.22, rekodi ya Kombaini wakati ule, na Bengals wakamchukua nafasi ya 9. Cooper Kupp wa Eastern Washington, chuo ambacho wengi hawakuwa wamekisikia, alikimbia 4.62. Alisubiri hadi nafasi ya 69, raundi ya tatu, Rams wakamchukua. Ross alimaliza msimu wake wa kwanza bila kudaka mpira hata mmoja. Majeraha yalimwandama, na si haki kuyasahau, lakini baada ya msimu wa 2020 hakuwa tena Cincinnati. Kupp mwaka 2021 aliongoza ligi nzima kwa mipira aliyodaka (145), kwa yadi (1,947) na kwa tachidauni, yaani mara alizofikisha mpira ukanda wa mwisho (16). Februari 2022 alikutana na Bengals haohao kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, akadaka tachidauni ya ushindi ikiwa imebaki chini ya dakika moja na nusu, na tuzo ya mchezaji bora wa mechi akaondoka nayo.

Tofauti ya 4.22 na 4.62 mwishoni mwa yadi 40 ni kama yadi 4. Si kidogo. Shida ni kwamba mpokeaji hukimbia yadi 40 zilizonyooka mara chache sana katika mechi. Mara nyingi anakimbia yadi 6, 10 au 12, kisha anakata. Na kwotabeki mzuri, yule anayerusha mpira, hamsubiri ageuke. Anaachia mpira kabla, akiamini kwamba hatua fulani ikifika, mwenzake atakuwa mahali fulani. Mpokeaji asiyejua kufunga breki huzunguka kona kwa upana, hufika kachelewa, na beki anaukuta mpira njiani. Hapo kasi imegeuka hasara: kadiri unavyokwenda mbio, ndivyo ilivyo kazi kubwa zaidi kusimama.

Mimi ninalipwa kuwapunguzia vijana sehemu za sekunde, na bado nasema hivi: kabla hujampenda mchezaji, tazama anavyosimama. Hesabu hatua zake kati ya pale anapoanza kupunguza mwendo na pale anapogeuka. Anayeshusha kiuno na kukata kwa hatua mbili au tatu, kifua kikibaki chini, beki hapati habari mapema. Anayeinua kifua na kurusha mikono ametangaza nia yake uwanja mzima. Jambo hili halioneshwi kwenye video za dakika tatu zenye muziki. Tafuta mechi nzima, na umfuate hata pale mpira usipomjia, hasa robo ya nne akiwa amechoka.

Wanaonibishia hunitajia Xavier Worthy wa Texas, aliyeivunja rekodi ile mwaka 2024 kwa 4.21. Sawa. Basi kumbuka alichukuliwa nafasi ya 28. Karibu kila timu ilimwona, na kasi hiyo peke yake haikuwatosha kumchukua mapema. Wa hapa kwetu Kent State, Dri Archer, alikimbia 4.26 mwaka 2014, Pittsburgh wakamchukua raundi ya tatu, na kabla msimu wa pili haujaisha walikuwa wamemwacha.

Kwa wale wa safu ya mbele, majitu yanayomlinda kwotabeki, kuwapima yadi 40 karibu ni kupoteza muda. Kama lazima, angalia yadi 10 za mwanzo. Orlando Brown wa Oklahoma mwaka 2018 alikimbia 5.85 na kuinua chuma cha ratili 225 mara 14 tu. Watu walimcheka, akaporomoka hadi raundi ya tatu. Leo ameshaitwa Pro Bowl, kikosi cha nyota wa ligi, zaidi ya mara moja, ana pete ya Super Bowl aliyoipata Kansas City, na mwaka 2023 Bengals walimlipa aje kumlinda Joe Burrow, kwotabeki wao.

"Alikuwa mfalme chuoni, hata kwenye ligi atatawala"

Muulize yeyote hapa Columbus kuhusu Archie Griffin, mtu pekee aliyewahi kushinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mara mbili, 1974 na 1975. Bengals walimchukua raundi ya kwanza, akawachezea misimu saba, na hakuna hata mmoja aliofikisha yadi 1,000. Troy Smith alishinda Heisman 2006 akiwa Ohio State, chuo cha hapa Columbus, akachukuliwa nafasi ya 174. Eddie George na Joe Burrow waliishinda na wakang'ara kotekote. Tuzo hiyo inakuambia kijana alifanya nini mwaka ule, dhidi ya wapinzani wale. Haikuahidi kingine.

"Waliomchukua hawakujua kupima"

Hili huwahusu zaidi ndugu zetu Wakongo, na ninawaelewa. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada, mwaka 1995 aliwakimbilia Ohio State yadi 313 katika mechi moja akiwa Chuo Kikuu cha Michigan. Hadi siku ile Ohio State hawakuwa wamefungwa na yeyote msimu mzima. Panthers walimchukua nafasi ya 8 mwaka 1996, nafasi sita mbele ya Eddie George. Msimu wa kwanza tu goti likaharibika, na majeraha hayakumwacha tena. Kipaji walikipima sawasawa. Mwili ndio uliokataa.

Ndiyo maana sehemu muhimu kuliko zote Indianapolis ni ile ambayo kamera haziingii: madaktari wa timu 32 wakikagua magoti, mabega na vifundo. Mchezaji unayempenda akiteleza kutoka raundi ya kwanza hadi ya tatu bila sababu unayoijua, usikimbilie kusema timu zote zimelala.

"Tuna pengo hapa, kuchukua mwingine ni wazimu"

Mwaka 2021 nusu ya Ohio iligombana kwa hili. Goti la Burrow lilikuwa limeumizwa vibaya msimu wake wa kwanza, kwa hiyo mashabiki wengi wa Bengals walimtaka Penei Sewell wa Oregon, jitu la kumlinda. Timu ikamchukua Ja'Marr Chase, mpokeaji, nafasi ya 5. Agosti akaanza kuangusha mipira. Akaeleza kwamba mpira wa vyuoni una mistari myeupe inayosaidia kuuona na wa NFL hauna. Maelezo hayo yalichekwa sana, nami sikuona cha kuchekesha: jicho lililozoea alama fulani miaka yote huhitaji wiki kadhaa kuzoea nyingine. Kisha msimu ukaanza, Chase akamaliza na yadi 1,455 na tachidauni 13, na Bengals wakafika Super Bowl.

Kwenye Super Bowl hiyohiyo Burrow aliangushwa mara saba, na Sewell huko Detroit amekuwa miongoni mwa walinzi bora wa ligi. Kwa hiyo pengo lilikuwepo kweli. Ila pengo la Aprili linaweza kuzibwa Machi ijayo kwa kumnunua mchezaji aliye huru, na vipaji kama cha Chase havipatikani dukani. Ningemchukua Chase tena.

"Baada ya raundi ya tatu naweza kwenda kulala"

Lala, utamkosa T.J. Houshmandzadeh, nafasi ya 204 mwaka 2001, ambaye mwaka 2007 aliwadakia Bengals mipira 112. Utamkosa Geno Atkins, raundi ya nne 2010. Utamkosa Puka Nacua, nafasi ya 177 mwaka 2023, aliyeivunja rekodi ya yadi kwa mpokeaji wa msimu wa kwanza.

"Kijana wa nyumbani ndiye atakayetuokoa"

Mwaka 2007 mji wa Dublin, hapa jirani, ulitaka Browns wamchukue mtoto wao Brady Quinn, kwotabeki wa Notre Dame. Browns nafasi ya 3 walimchukua Joe Thomas, mlinzi kutoka Wisconsin, ambaye siku ile hata kwenye sherehe hakuwepo. Alikuwa ziwani Michigan akivua samaki na baba yake. Baadaye siku ileile wakabadilishana nafasi na Dallas ili wampate Quinn pia, nafasi ya 22. Quinn aliondoka baada ya misimu mitatu. Thomas alicheza pleyi (kila mara mpira unapoanzishwa) 10,363 mfululizo bila kukosa hata moja, na mwaka 2023 akaingia Jumba la Heshima la futiboli kule Canton, Ohio.

Kwa wazazi wanaoniambia mtoto wao wa miaka 15 anakimbia 4.4: sitaki kuona saa. Nileteeni mkanda wa mechi nzima, ikiwezekana ile waliyofungwa, nami nitawaambia tunaanzia wapi.