Si joto, jamani

Kila nikirudi Lamu likizo huulizwa barazani kazi yangu ni ipi, na nikishaeleza kwamba twapiga kristali kwa mipigo mifupi ya leza ili kubadili mpangilio wa atomu zake, hupata jibu lile lile: "Kwa hiyo mwaipasha moto." Safari hii alikuwa ami yangu, aliyeanika ng'onda maisha yake yote. Kwake mwanga ni jua, jua ni joto, basi leza ni jua kali. Wanafunzi wangu wa fizikia nao husema hivyo hivyo, na wao hawana udhuru.

Mpigo wa leza tunaoutumia hudumu femtosekunde 100 hivi (femtosekunde bilioni moja hazifiki hata sekunde moja; ni milioni moja ya sekunde tu). Kwa muda huo mwanga wenyewe husafiri mikromita 30, haujavuka hata unene wa unywele. Wa kwanza kupokea nishati ni elektroni. Atomu ni nzito, bado zi palepale. Joto, yaani atomu kutikisika ovyo, huja pikosekunde kadhaa baadaye (pikosekunde 1 ni femtosekunde 1,000). Lakini katika kristali ya feroelektriki, yaani ile ambayo chaji chanya na hasi zimeegemea pande tofauti zenyewe, elektroni zikishang'olewa, mvutano wa chaji uliozishikilia atomu upande mmoja huwa umevurugika. Hapo atomu husukumwa zote pamoja, kwa mdundo mmoja.

Nikamwambia ami afikirie dufu la Maulidi. Kwanza ngozi huoteshwa moto ikakaza: hilo joto. Kisha hupigwa kofi. Nani atasema mpigaji anaipasha ngozi? (Kofi nalo huacha joto kidogo, sikatai, na leza ikizidishwa huunguza sampuli. Nimeunguza zangu kadhaa.)

Ushahidi ninaoupenda ni wa 2019. Watafiti huko Marekani walichukua matabaka membamba ya titanati ya risasi na titanati ya strontiamu yanayopishana, wakayapiga kwa mwanga usiodumu hata pikosekunde 1. Yakajipanga upya, ruwaza inayojirudia pande zote tatu kwa vipimo vya hadi nanomita 30 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), na ikabaki hivyo bila kushikiliwa na chochote. Kupasha na kupoza polepole hakukuwa kumewahi kutoa mpangilio huo. Na wajua unafutwa na nini? Moto! Ukiupasha, umekwenda. Sasa niambie, joto lijenge na lile lile joto libomoe?

Dhana nyingine potofu nitazipitia upesi. "Fero" ni chuma, lakini feroelektriki haina haja ya chuma: Joseph Valasek aliionesha tabia hii 1920 katika chumvi ya Rochelle, isiyo na chuma ndani yake, jina limefananishwa na sumaku tu.

Wengine hudhani leza yetu hula umeme hata ingezima taa za kisiwa kizima. Mpigo mmoja wa mikrojuli 100 una nishati ya kunyanyua gramu 1 kwa sentimita 1. Ni kule kubanwa ndani ya femtosekunde 100 kunakoipa uwezo wa wati bilioni 1.

Wala si lazima kuvunja kitu ndipo umbo libadilike. Katika telaridi ya tangisteni, kristali nyingine, matabaka yameshikana kilegevu, na mpigo wa terahezi (mawimbi yaliyo kati ya mikrowevu na infraredi) huyatelezesha kidogo tu, tabaka juu ya tabaka, mpangilio ukawa mwingine.

Na anayesema haya ni ya Wazungu, namtajia mwanakemia Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur, Misri, aliyepata Nobel ya kemia 1999 kwa kazi ya femtosekunde. Ami alifurahi sana kulisikia jina hilo. Kisha akauliza, huyo naye alikuwa akipasha nini.