Ufanisi wa pawasaplai hauhusiani na uwezo wake

Pawasaplai ni kifaa cha ndani ya kompyuta kinachobadili umeme wa ukutani uwe wa kutumiwa na vipuri vyake. Ufanisi wake ni uwiano kati ya umeme inaoipatia kompyuta na umeme inaouvuta kwenye soketi ya ukutani. Kinachopotea katikati hugeuka joto. Maana yake ni hiyo tu. Kinachohitaji maelezo ni hesabu ninayoisikia kila mara watu wanapopanga kompyuta ya gemu, kwamba pawasaplai ya wati 650 yenye ufanisi wa asilimia 90 hutoa wati 585, na kwamba kwa sababu hiyo mnunuzi hana budi kupanda hadi wati 850 ili afidie pengo. Hesabu hiyo imekaa kichwa chini miguu juu, na fedha zinazopotelea humo zingetosha kumwongezea mtu kumbukumbu au kumsogeza kwenye kadi ya grafiki iliyo bora zaidi.

Wati zilizoandikwa ubavuni mwa pawasaplai ni zile ambazo mtengenezaji ameahidi kwamba zitaifikia kompyuta. Hasara huhesabiwa upande wa ukutani: ikitoa wati 650 zote kwa ufanisi wa asilimia 90, itavuta takriban wati 722, na zile 72 zilizozidi zitasukumwa nje na feni zikiwa joto. Anayezilipia ni mwenye mita, wala kadi ya grafiki haipunguziwi chochote.

Nadhani mkanganyiko huu umetokana na 80 PLUS, alama inayothibitisha ufanisi wa pawasaplai. Mpango huo ulianzishwa Marekani mwaka 2004 kwa lengo la kuokoa umeme, wakati ambapo pawasaplai nyingi zilikuwa zikipoteza zaidi ya robo ya umeme zinaouvuta, na sharti lake la awali lilikuwa ufanisi usiopungua asilimia 80 kwenye mzigo wa asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo wake. Mwaka 2008 zikaongezwa ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na ni rahisi kuona kwa nini wanunuzi huzisoma kana kwamba ni medali za ubora. Lakini kipimo chenyewe hufanywa katika joto la nyuzi 23 hivi, ambalo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa halipati mwezi wa Februari bila kiyoyozi, na hakichunguzi kama volti zinatulia mzigo unapobadilika ghafla, wala kama kinga ya shoti inafanya kazi.

Tuchukue prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya GeForce RTX 4060. Prosesa hiyo, ikiachwa na mipangilio ya kiwandani, hula wati 76 hivi ikibanwa sana, kadi hula 115, na kwa madabodi, kumbukumbu, SSD na feni tuweke 60, na hapo tumezidisha. Jumla ni wati 251. NVIDIA wenyewe, wenye kadi za GeForce, hupendekeza pawasaplai ya wati 550 kwa kadi hiyo, na nafasi inayobaki ni kubwa. Kwenye mzigo wa wati 250, pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 85 itavuta wati 294 na yenye ufanisi wa 90 itavuta 278. Kwa anayecheza saa nne kila siku, tofauti hiyo haifiki uniti mbili za umeme kwa mwezi.

Kabla ya kulipa, igeuze pawasaplai usome jedwali la lebo, hasa safu ya +12V, kwa kuwa prosesa na kadi ya grafiki hulishwa kutoka hapo. Zipo za bei ya chee zilizoandikwa wati 500 kwa tarakimu kubwa, lakini ukisoma safu hiyo unakuta, kwa mfano, ampea 18. Zidisha kwa volti 12 upate wati 216, ambazo hazitoshi kwa kompyuta niliyoitaja. Pawasaplai ya wati 550 iliyotengenezwa kwa uaminifu huonyesha ampea 45 hivi, yaani wati 540.

Anayetaka yenye alama ya dhahabu anaweza kuwa na sababu nzuri, maana hutoa joto kidogo na mara nyingi huwa na waranti ndefu. Ila asiinunue kwa kudhani kwamba ile ya shaba yenye wati 550 itampa pungufu ya 550. Ikiwa lebo zote mbili zinasema kweli, atapata wati zilezile.