Mfupa mkubwa hauoti kitambi

Mgeni akiingia kwangu na kumkuta paka wangu dume, wa aina ya Maine Coon, amejilaza katikati ya sebule, neno la kwanza ni lilelile: "Mashallah, huyu mnamlisha!" Kwetu kunona ni sifa. Mtu akirudi safari na mashavu yamejaa, tunasema maisha yamemkubali. Nami nilipokea sifa hiyo kwa niaba ya paka mpaka siku daktari wa mifugo alipompapasa ubavuni, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mbavu zake umezigusa lini?" Sikuwa na jibu. Alikuwa na kilo 9.4.

"Si mnene, ana mifupa mikubwa tu"

Hii ndiyo mama wa dhana zote potofu kuhusu unene wa paka, nami niliiamini kwa sababu nusu yake ni kweli. Paka hawa ni wakubwa. Asili yao ni jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako tangu 1985 ndio paka rasmi wa jimbo. Madume wengi huwa na kilo 6 hadi 8, wengine huzidi kidogo. Majike kilo 4 hadi 6. Tena hukua polepole, miaka 3 mpaka 5, wakati paka wa kawaida akifikisha mwaka mmoja hivi kimo chake amekimaliza. (Ile hadithi kwamba walitokana na paka kuzaa na rakuni, mnyama wa mwituni wa Marekani, ni hadithi tu. Wanyama hao hawazaliani.)

Lakini ukubwa wao uko kwenye urefu wa mwili, upana wa kifua na miguu, wala si kwenye kiuno. Dume mmoja wa kilo 9 anaweza kuwa sawasawa, na mwenzake wa kilo 7 akawa amezidi. Mzani peke yake haumalizi ubishi. Jicho nalo linadanganywa na manyoya, maana chini ya manyoya yale unaweza kuficha mnene au mkondefu, usijue.

Unabaki na mkono. Kunja ngumi, upitishe kidole juu ya vifundo: mbavu zikiwa kali hivyo, paka amekonda. Nyoosha kiganja, upapase mgongo wa mkono: mifupa inasikika chini ya ngozi nyembamba, na hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa. Geuza mkono, upapase upande wa kiganja, chini ya vidole: ukilazimika kubonyeza ndipo uupate mfupa, basi mafuta yamekuwa mengi. Ukimtazama kwa juu, nyuma ya mbavu pawe na kiuno. Madaktari hutumia kipimo cha alama 1 hadi 9, ambapo 5 ndiyo nzuri. Wangu alipewa 7.

"Tumbo linaning'inia, basi amenenepa"

Kosa la upande wa pili. Ile ngozi legevu inayopepea mbele ya miguu ya nyuma paka akikimbia ni maumbile. Hata paka mwembamba anayo. Ishike: ikiwa nyepesi kama kitambaa, iache. Ikiwa nzito na imejaa, hapo pana neno.

"Paka mara mbili, chakula mara mbili"

Hesabu haiendi hivyo. Mahitaji ya nishati hayapandi sambamba na kilo. Paka wa kilo 4, akiwa ametulia, hutumia takriban kilokalori 200 kwa siku. Wa kilo 8 hutumia takriban 330, si 400. Chakula kikavu huwa na kilokalori 350 hadi 400 katika kila gramu 100, kwa hiyo kiganja kimoja cha ziada asubuhi, na kingine anachopewa kwa siri na mtoto jioni, vinatosha kuharibu hesabu. Mimi siku hizi napima kwa mzani wa jikoni. Kikombe kinadanganya: wa kwanza atakijaza, wa pili atakirundika. Chakula cha kopo kina maji mengi, kwa hiyo uzito uleule huja na nishati kidogo zaidi na paka anahisi ameshiba.

"Kuhasiwa ndiko kulikomnenepesha"

Nusu tu. Baada ya kuhasiwa mwili huhitaji nishati pungufu, karibu robo, huku hamu ya kula ikipanda. Anayenenepesha ni mwenye nyumba asiyepunguza bakuli.

"Akizidi, mfungishe siku mbili"

Hapa naomba usicheze. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini humiminika kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Ini hushindwa kazi, macho na ufizi huwa vya manjano, na paka anaweza kufa. Nimewasikia watu wazima wakishauri njia hii kwa nia njema kabisa. Kupungua salama ni karibu asilimia 1 ya uzito kwa wiki. Kwa paka wangu ilikuwa gramu 90 hivi. Ilichukua miezi kadhaa.

"Paka mnene ni fahari"

Himmy, paka wa Australia aliyekufa mwaka 1986, alifikisha kilo 21.3. Guinness, watunza rekodi za dunia, wakaacha kupokea rekodi za uzito ili watu wasinenepeshe wanyama kwa kusaka jina. Rekodi ya urefu ikabaki, na Maine Coon aitwaye Stewie alipimwa sentimita 123 kutoka pua hadi ncha ya mkia. Mafuta hulemea nyonga, na aina hii tayari ina tabia ya kupata hitilafu za nyonga. Hukaribisha pia kisukari.

Kila Jumamosi ninasimama juu ya mzani nikiwa nimempakata, kisha nasimama peke yangu, natoa. Sasa ana kilo 8 na ushee, na anaruka mwenyewe hadi juu ya kabati. Yule mgeni alirudi juzi. Alimtazama kwa muda, akanivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama paka anaumwa.